Kompyuta ya Tawi Ikikataa Kuwaka, Tusikimbilie Kununua Nyingine



Zamani ofisi ya tawi ilikuwa meza, kabati la chuma, daftari la michango na muhuri. Leo juu ya meza ile ile kuna kompyuta, na ndani yake mna orodha ya wanachama, nakala za hati za mishahara, barua zetu na mwajiri, na hesabu ya siku za vibarua. Chombo hiki kimetusaidia sana, hakuna wa kubisha. Lakini siku kinapokataa kuwaka, madai ya watu yamefungiwa ndani na ufunguo hatuna.

Nimezunguka matawi yetu ya huku Luapula, ya viwandani na ya mashambani, na tatizo nililolikuta mara nyingi kuliko mengine ni hili: kitufe kinabonyezwa, taa inawaka, feni inalia, lakini skrini inabaki nyeusi. Hasa zile kompyuta zilizounganishwa na skrini ya nje. Wenzetu wakiona hivyo husema "imekufa", na siku ya pili wanaitisha kikao cha kamati kuomba fedha za kununua nyingine. Fedha hizo ni michango ya wanachama. Imetoka kwenye mshahara wa mama anayeinamia majani ya chai tangu alfajiri, na wa kijana anayebeba magunia kiwandani. Haifai kuitoa kabla ya kujua ugonjwa ni nini.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu asili yao ni ng'ambo ya ziwa, Pweto, Moba na Kalemie, na wengine walipitia makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa hapa wilayani Nchelenge mwaka 2018. Kwa hiyo nitayataja majina ya vyombo kama tunavyoyatamka sisi wenyewe ofisini. Nikisema skrini ya nje, maana yangu ni ile inayosimama peke yake mezani, yenye waya wake wa umeme na waya mwingine wa picha unaokwenda kwenye kompyuta.

Kwa nini tunazo skrini hizi nyingi? Sababu ni umaskini wa matawi, tusifichane. Laptopu mpya ni ghali. Tunanunua iliyotumika, au tunapewa msaada, na mara nyingi skrini yake ina ufa au imezima kabisa. Basi tunaiunganisha na skrini ya mezani na kazi inaendelea. Mpango huo ni mzuri, nami nimewashauri matawi mengi kuufuata. Ila laptopu yenyewe haijui kwamba skrini yake imevunjika. Kila inapoamka inadhani inazo skrini mbili nzima, na inaweza kuipeleka picha kwenye ile iliyovunjika bila kumwambia mtu.

KISA CHA TAWI MOJA

Kando ya ziwa liko tawi moja la shamba, jina lake naliacha. Mikataba ya wafanyakazi wake ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi. Sheria ya Ajira Na. 3 ya mwaka 2019 inasema kwamba mkataba wa muda mrefu ukimalizika, mfanyakazi alipwe kiinua mgongo kisichopungua asilimia 25 ya mshahara wa msingi alioupata katika muda wote wa mkataba. Maneno "muda wote" ndiyo yenye uzito. Kama huna hati za miezi yote, huwezi kuikagua hesabu ya mwajiri, utapokea atakachokupa na kutia sahihi. Hati za tawi lile zilikuwa zimepigwa picha na kuwekwa ndani ya laptopu moja tu. Karatasi zenyewe wanachama wengi walikwisha kuzipoteza, na nyingine zililiwa na mchwa.

Jumatatu asubuhi umeme ulikatika. Hapa Zambia hili si jambo geni. Mwaka 2024, baada ya mvua kukosekana na maji ya Kariba kupungua mno, Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari, na umeme wa mgao ukawa wa saa chache kwa siku. Tangu hapo kila ofisi inajua maana ya kukaa gizani. Siku ile umeme uliporudi jioni, karani wa tawi, binti mmoja hodari, alibonyeza kitufe. Jina la kampuni iliyotengeneza mashine likatokea kwenye skrini ya nje, likakaa hapo hapo. Akazima, akawasha tena, ikawa vile vile. Fundi wa mjini akaitwa. Aliitazama dakika kumi, akachomoa waya wa picha kutoka tundu moja na kuuchomeka tundu lingine, akatikisa kichwa. Akasema ubao mkuu umeungua kwa umeme na mashine haifai tena, ila yeye anayo nyingine ya kuuza.

Karani akanipigia simu. "Baba Katibu, mashine imekufa, na mwisho wa mwezi ni wiki ijayo."

Nikamwuliza, "Mwanangu, ubao mkuu ukiwa umeungua, hilo jina la kampuni linatoka wapi?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Ni kweli, Baba."

KOMPYUTA HUWAKA KWA ZAMU

Naomba msomaji asome hapa polepole, maana akishika jambo hili mengine yote yatakuwa mepesi. Kompyuta haiwaki mara moja kama taa ya chumbani. Inawaka kwa zamu. Zamu ya kwanza ni ya programu ndogo iliyokaa kwenye ubao mkuu wenyewe. Hiyo ni kama mlinzi wa usiku. Anafungua geti, anaikagua kumbukumbu, anatazama kama kibodi ipo, skrini ipo, diski ipo. Yeye ndiye anayeonyesha jina la kampuni. Akimaliza, anatafuta diski yenye mfumo, kwa wengi wetu ni Windows, anaukabidhi kazi na kujiondoa. Zamu ya pili ni ya Windows. Mwanzoni nayo inatumia picha hafifu ya kuazima, vile vidoti vinavyozunguka. Kisha inaamsha programu maalum ya kuendesha skrini, na hapo ndipo picha kamili hutokea. Kila mtu wa kiwandani anajua kwamba mambo mengi huharibika wakati zamu moja inapoikabidhi nyingine. Na kompyuta ni hivyo hivyo.

Basi swali la kwanza si "imeharibika nini?" Swali ni "imesimama wapi?" Kama tangu mwanzo hakuna kilichoonekana, shuku umeme, waya wa picha, au kumbukumbu. Kama jina la kampuni limetokea na kuganda, mlinzi amekwama, anatafuta kitu au amekutana na kitu asichokielewa. Kama jina limepita, vidoti vimezunguka, halafu giza, basi Windows imekwisha kushika zamu yake, ila inapeleka picha mahali pengine, au inapeleka picha ambayo skrini haiwezi kuipokea. Katika hali hizo mbili za mwisho skrini na waya wake si wa kushukiwa kwanza, maana jina limeonekana kwa njia hiyo hiyo.

Nikamwambia karani achomoe kila kitu: waya wa picha, kibodi ya nje, kipanya, printa, mwisho chaja. Betri yake inatoka kwa mkono, nikamwambia aitoe. Akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa nusu dakika, ili umeme uliobaki ndani uishe. Kisha akarudisha betri na chaja tu, basi. Akawasha. Nikamwambia asubiri dakika tatu kwa saa, kisha abonyeze kwenye laptopu yenyewe kitufe kilichoandikwa Caps Lock, kile cha herufi kubwa. Kitufe hicho kina taa yake ndogo. Taa ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine iko hai na inakusikia, hata kama huoni kitu.

"Inawaka, Baba. Nabonyeza inazima. Inawaka tena." Nyuma yake nikasikia Mama Mwenyekiti akipiga vigelegele. Nikamwambia karani amwombe Mama asubiri kidogo, kazi bado.

Sasa ikaja kazi ya kurudisha vyombo kimoja kimoja. Hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka hupotea. Wanachomeka vyote kwa pamoja, mashine inakataa, nao hawajui ni kipi kilichokataliwa. Karani alizima, akachomeka kibodi, akawasha, akatazama taa. Akazima, akachomeka kipanya, akawasha. Ilichukua muda, na simu ilikula vocha nyingi, lakini tulikwenda hivyo hivyo.

Skrini yao ilikuwa na nyaya mbili kwenda kwenye laptopu. Mmoja ni wa picha. Wa pili ni wa USB, kwa sababu ubavuni mwa skrini ile mna matundu ya kuchomekea flashi na simu, na matundu hayo hufanya kazi kupitia waya huo. Alipochomeka wa USB, mashine ikanyamaza. Taa ya Caps Lock haikumjibu tena.

"Angalia ubavuni mwa skrini," nikamwambia. "Pitisha kidole."

Palikuwa na flashi ndogo nyeusi, fupi kama ukucha, imezama tunduni hata huioni ukiwa umekaa. Kijana mmoja wa tawi alikuwa ameleta nyimbo za rumba Jumamosi akaisahau pale. Kwa nini haikuleta shida Jumapili? Kwa sababu Jumapili mashine haikuzimwa. Ililazwa tu, na ikiamka kutoka usingizini haianzi upya tangu zamu ya mlinzi. Jumatatu umeme ulikatika kutwa, betri ikaisha, mashine ikazimika kabisa. Ilipowashwa, mlinzi alikuwa na maagizo ya zamani ya kutazama kwanza vyombo vya nje kabla ya diski. Akaiona flashi, akaingia kutafuta mfumo kati ya nyimbo za rumba, akakwama humo. Mashine nyingine huandika kwa Kiingereza kwamba hazikuona mfumo, na hapo unapata fununu. Nyingine hukaa kimya tu na jina la kampuni usoni.

Flashi ikatolewa. Jina likapita. Siku nyingine tulibadilisha maagizo ya mlinzi: mara tu baada ya kuwasha unabonyeza mfululizo kitufe cha F2, au Delete, au F10, inategemea kampuni, unaingia kwenye ukurasa wa mipango, unaiweka diski ya ndani iwe ya kwanza. Usiguse kingine humo.

SKRINI NZIMA, PICHA IMEKWENDA KWINGINE

Karani akachomeka waya wa picha. Jina likapita, vidoti vikazunguka, halafu giza. Lakini Caps Lock ilikuwa inajibu vizuri. Palikuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na hilo la pili lilianza pale fundi alipohamisha waya wa picha kutoka tundu moja hadi lingine. Windows hukumbuka mpango wa skrini kwa kila njia ya kuunganisha. Kwa tundu la zamani ilikumbuka kwamba picha iende nje tu. Kwa tundu jipya ilianza upya, ikaifanya skrini iliyovunjika kuwa ya kwanza na ile ya nje kuwa nyongeza. Na mahali pa kuandikia neno la siri hutokea kwenye skrini ya kwanza. Kwa hiyo mashine ilikuwa tayari, inamngoja mtu aandike neno la siri kwenye kioo kilichopasuka.

Dawa yake ni kufanya kazi gizani. Bonyeza Enter mara moja, ngoja kidogo, andika neno la siri polepole kama kawaida, bonyeza Enter tena. Ngoja dakika moja. Karani alifanya hivyo, na kwenye skrini ya nje ikatokea picha ya mapambo tu, hakuna faili hata moja. Mama Mwenyekiti akalia kwamba hati zimefutika. Hazikufutika. Skrini ya nyongeza huonyesha pambo, na mafaili yako kwenye ile ya kwanza. Unashikilia kitufe chenye alama ya Windows, unabonyeza P. Inafunguka orodha yenye mambo manne: picha ibaki kwenye kompyuta peke yake, irudiwe pande zote, itandazwe, au iende skrini ya pili peke yake. Unachotaka ni hilo la mwisho. Kama orodha imefunguka upande usiouona, bonyeza mshale wa kushuka mara moja, kisha Enter, ngoja sekunde kumi. Picha isipokuja, rudia tangu mwanzo. Karani alirudia mara moja tu, na hati zote zikatokea zimepangwa kwa miezi.

Kwa laptopu nyingi ipo njia nyingine, yaani kuufunga mfuniko wake na kutumia kibodi ya nje. Mfuniko ukifungwa, huiacha skrini yake na kutegemea ya nje. Ila kwanza uibadilishe ile amri inayoilaza mashine kila mfuniko unapofungwa, la sivyo utakuwa umeilaza mwenyewe na kushangaa.

Na ipo amri moja ambayo kila karani aiandike ukutani: Windows, Ctrl, Shift na B, vyote kwa pamoja. Inaiamsha upya programu ya kuendesha skrini bila kuzima mashine. Haipotezi kazi uliyoifungua. Mara nyingi hurudisha picha iliyopotea baada ya mashine kulala.

MATAWI YA VIWANDANI

Matawi ya viwandani wana zile kompyuta za sanduku, zisizo na skrini yake zenyewe. Kwao taabu ni za namna nyingine.

Ya kwanza ni ya tundu. Geuza sanduku utazame mgongoni. Baadhi yana matundu ya picha mahali pawili. Moja liko pamoja na matundu ya kibodi na kipanya, hilo ni la ubao mkuu. Lingine liko chini zaidi, limelala, hilo ni la kadi ya picha iliyoongezwa. Pakiwapo na kadi, waya uingie kwenye kadi. Ukiuchomeka kwenye ubao mkuu, mara nyingi utaona giza tu, na mashine nyuma yake inafanya kazi barabara. Nimeona sanduku moja limekaa miezi mitatu sakafuni, limeandikwa "bovu" kwa chokaa, na kosa lilikuwa hilo tu. Mfagiaji aliuchomoa waya akiondoa vumbi, mwingine akaurudisha penye nafasi.

Ya pili ni skrini yenyewe kusikiliza mlango usio wake. Skrini nyingi zina njia mbili au tatu za kupokea picha: VGA yenye kichwa cha buluu na pini 15, HDMI iliyo nyembamba, nyingine DisplayPort. Waya ukiwa kwenye HDMI na skrini inasikiliza VGA, itakuambia hakuna picha inayoingia, hata kama kompyuta inapiga kelele. Tafuta vitufe vya skrini, chini au ubavuni, uchague njia iliyo sawa na waya. Taa ya skrini nayo ina lugha yake. Ikiwa haiwaki kabisa, tazama umeme. Ikiwa ya rangi ya machungwa au inapepesa, kwa kawaida skrini ni nzima na imelala kwa kukosa picha.

Waya wa VGA uukague kwa macho. Pini zake huinama mtu akilazimisha, na moja ikiinama rangi hupotea au picha haiji. Inyooshe taratibu kwa ncha ya kalamu. Kaza zile skrubu mbili. Ukiwa na waya mwingine, badilisha kwanza kabla ya kufikiri jambo lingine lolote. Ni chombo cha bei ndogo kuliko vyote katika habari hii.

Mara nyingine skrini huandika kwamba picha imepita kiasi chake. Hapo kompyuta inapeleka picha kubwa au ya kasi kuliko skrini ya kizamani inavyoweza. Jina la kampuni huonekana, halafu ujumbe huo. Iunganishe kwenye skrini nyingine kubwa, upunguze ukubwa wa picha, kisha urudi. Kama skrini nyingine haipo, zima mashine kwa nguvu mara tatu ikiwa inaanza kuwaka. Windows itafungua ukurasa wake wa matengenezo, na humo unaweza kuchagua kuwaka kwa picha ndogo.

Kwa sanduku linalolia mlio wa pii-pii na kutoonyesha kitu, shuku kumbukumbu. Unyevu wa ziwani wakati wa masika hufanya kutu nyembamba kwenye meno yake. Chomoa umeme, fungua ubavu, gusa chuma cha sanduku kwanza ili kutoa umeme wa mwilini, toa kipande cha kumbukumbu, sugua meno yake kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha mpaka kisikike tiki. Nimeona hili likifaulu mara nyingi. Lakini lile boksi la chuma la kugawia umeme, na skrini za kizamani zenye mgongo mrefu, usizifungue kamwe. Zinaweza kukaa na umeme wa kuua hata zikiwa zimechomolewa.

Juu ya betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, iliyoko kwenye ubao mkuu. Ndiyo inayomlisha mlinzi wakati umeme haupo, ili asisahau tarehe na maagizo yake. Ikiisha, kila ukikatika umeme mashine inarudi kwenye maagizo ya kiwandani, na huenda ikaanza tena kutazama flashi kwanza au kupeleka picha kwenye tundu lisilo na waya. Dalili yake ni tarehe kurudi miaka ya nyuma. Na tarehe ikiwa mbaya, hata intaneti hukataa. Wapo waliohangaika kufungua ukurasa wa NAPSA kutazama michango yao ya pensheni, mashine ikawaambia mahali hapo si salama, kumbe saa yake inasema ni mwaka 2012. Mkoa wetu ulikuwa na kiwanda chake cha betri pale Mansa, Mansa Batteries, mpaka kilipofungwa. Hazikuwa za namna hii, zilikuwa za redio na tochi, lakini kila ninapomlipa mchuuzi betri iliyotoka nje ya nchi nakikumbuka kiwanda kile.

UMEME WA SOLA

Matawi yenye sola na inveta yajue kwamba kompyuta na skrini zikiwashwa kwa pamoja huvuta umeme mwingi kwa nukta ile ya mwanzo. Betri ya sola ikiwa imechoka, inveta hupiga kelele, mashine inaanza na kuzimika, na watu husema ni skrini ya nje inayoiua. Washa skrini kwanza, hesabu mpaka ishirini, kisha kompyuta. Laptopu iwe na chaji yake tayari. Kompyuta na skrini zichomekwe kwenye ubao mmoja wa soketi, zisitegemee nyaya za vyumba viwili. Nimeona watu wakipigwa na umeme mdogo wakigusa kichwa cha waya wa picha kwa sababu hiyo, na matundu ya picha huungua namna hiyo.

Jambo jingine: ukiizima Windows kwa njia ya kawaida, kwa mashine nyingi haizimiki yote. Inaweka sehemu ya kumbukumbu zake kwenye diski ili kesho iwake upesi. Ukibadilisha skrini katikati, kesho inaamka ikiitafuta ya jana. Kwa hiyo unapotaka kubadilisha skrini au waya, shikilia kitufe cha Shift wakati unapobofya kuzima. Hapo itazimika kweli.

Tawi lile la shamba lilichapa hati zote usiku ule ule umeme ukiwapo, kurasa nyingi mpaka wino ukafifia. Kamati ilipokaa na mwajiri ilikuwa na hesabu ya kila mfanyakazi mkononi. Kwa baadhi yao miezi ya mwanzo ya mkataba haikuwa imehesabiwa, na mwajiri alipoonyeshwa hati zake mwenyewe alirekebisha. Fundi wa mjini alilipwa nauli yake, hakununuliwa kitu.

Siku hizi hati za tawi ziko mahali patatu: kwenye laptopu, kwenye diski ndogo ya nje anayoiweka Mama Mwenyekiti nyumbani, na kwenye karatasi ndani ya kabati. Ubavu wa skrini umezibwa kwa utepe. Kwenye droo ya pili ya kabati upo waya wa picha wa akiba, betri mbili za duara na raba ya penseli, na ufunguo anao mweka hazina.